Punje ya Tatu

Mimi nina hasira za karibu. Mama husema ni kwa sababu nilizaliwa Rubafu siku ya radi, lakini mama naye hupenda kunitafutia visingizio. Nasema hili mapema ili asije mtu akalalamika kwamba hakuonywa. Yaliyonipata katika ile shule ya kata wilayani Muleba, nusu nilitendewa na nusu nilijitendea, na mpaka leo nikitafuna kahawa hufika mahali ikanigomea kooni.

Nafundisha Jiografia. Mwaka ule nilipewa Kidato cha Pili B, mkondo ambao ofisini tuliuita "wazee wa nukuu", maana kunakili nukuu ndiyo kazi pekee waliyoiweza. Nje wakati wa mapumziko walikuwa wasemaji hodari, wanataniana kwa Kihaya na kubishania mpira mpaka unaziba masikio. Wakiingia darasani, kimya. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, na mtoto asiyejua Kiingereza hujifunza upesi sana namna ya kuinamisha kichwa ili mwalimu asimwone. Siku moja niliwajaribu. Nikaandika ubaoni, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, kwamba Ziwa Victoria liko Dodoma. Wakaandika. Jamani! Watoto ambao wengine wao asubuhi ile ile walikuwa wamenawia maji ya ziwa hilo! Hakuna aliyeguna, hakuna aliyemtazama mwenzake. Nilicheka, kisha nikaona haya, maana waliowafundisha kuandika bila kuuliza tulikuwa sisi walimu wao.

Jioni nikamsimulia mwenzangu. Huyu alikuwa mwalimu wa Baiolojia, na tulipanga vyumba viwili katika nyumba moja, jiko letu moja, kamba ya kuanikia nguo moja. Yeye ni mtu wa Bakoba, mjini Bukoba, familia ya Kiislamu ambayo mababu zao walitoka pwani. Kiswahili changu mimi nilikisomea shuleni kama nilivyosomea hesabu, yeye alikinyonya. Akikuita "shoga", kama wanawake wa pwani wanavyoitana, unajiona umependwa kweli. Nilimpenda, na sioni sababu ya kuficha.

"Shoga," akaniambia huku akimenya ndizi, "kwangu ni hivyo hivyo. Nimewauliza moyo una vyumba vingapi, wakasema vinne. Nikawauliza wamejuaje. Wamenitazama kama nimewatukana."

Basi tukaanza kufikiri pamoja. Wazo la kahawa lilitoka kwetu Rubafu. Kwetu mgeni hasemi kilichomleta kabla hajapokea akamwani, ile kahawa inayochemshwa na majani, ikakaushwa, ikatafunwa. Anapewa punje chache kiganjani, anatafuna, ndipo anafungua mdomo, na akishafungua hakuna wa kumkatiza. Hata mtoto akiwa ametumwa na wazazi wake, akipewa kahawa anasikilizwa. Nikasema, kwa nini nisiwape Kidato cha Pili B kahawa?

Tukatunga utaratibu. Kila mwanafunzi anapewa punje tatu mwanzo wa kipindi. Ya kwanza anaiweka mezani akisema jambo aliloliona kwa macho yake. Ya pili anaiweka akimuuliza mwenzake, "Umejuaje?" Ya tatu ni yake mwenyewe: swali lolote ambalo hakuna mtu aliyemtuma kuliuliza. Lugha yoyote inayomjia mdomoni, kisha darasa zima tunasaidiana kuipeleka kwenye Kiingereza. Mimi kwenye Jiografia, yeye kwenye Baiolojia, watoto wale wale, punje zile zile. Tulitaka wajue kwamba kufikiri si somo la mtu mmoja.

Siku tuliyokubaliana nilichuma tunda moja la kahawa uani kwa mwenye nyumba, nikalipasua. Tunda moja lina punje mbili. Nikamweleza kwamba wazee wetu walikuwa na undugu wa kuchanjana: kila mmoja anapaka damu yake kwenye punje moja, mwenzake anaimeza, na walisema baada ya hapo ukimsaliti tumbo linavimba.

"Damu simezi, haramu hiyo," akasema akicheka.

"Basi tumeze kavu."

Tukameza kavu. Ulikuwa mzaha, lakini kwangu mimi haukuwa mzaha.

Siku ya kwanza darasani iliharibika kabisa. Niligawa punje kutoka kwenye kopo nililolileta toka Rubafu, nikageuka kuandika kichwa cha somo ubaoni, na nilipogeuka tena nusu ya darasa walikuwa wanatafuna. Mawe, mama yangu we! Wamepewa kahawa na mtu mzima, wafanye nini kingine? Ndivyo walivyolelewa. Kijana mmoja alisimama kwa heshima zote akaniambia, "Asante, madam, ni nzuri, ila ingekaushwa kidogo tena." Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi ya kwanza ya hiari kutoka Kidato cha Pili B. Nikamwambia hiyo ni punje ya kwanza, amesema alichokiona. Wakacheka, na kwenye kucheka mlango ukafunguka.

Sitaki kudanganya kwamba mambo yalikwenda mbio. Yalikwenda mwendo wa konokono. Lakini kufikia katikati ya mwaka walikuwa wanaulizana. "Umejuaje?" ikahamia hata nje, nilimsikia mmoja akimuuliza mpishi wa shule amejuaje kwamba maharage yameiva, akafukuzwa na mwiko. Kiingereza kilikuwa bado kinachechemea. Mtu anaanza na Kihaya, anapita Kiswahili, anafika kwenye Kiingereza amechoka. Mimi niliridhika, kwa sababu alikuwa amefika kwa miguu yake.

Kulikuwa na binti mmoja tu ambaye hakuweka punje hata moja. Alikaa karibu na dirisha la mwisho, mrefu, mtoto wa ufukweni, aliyepanga chumba karibu na shule kwa sababu kwao ni mbali. Kila kipindi alizipokea punje zake kwa mikono miwili, akazipanga mstari juu ya dawati, na kengele ikilia akanirudishia tatu zile zile. Sikumlazimisha. Nilijisemea kimya kingi kina mshindo mkuu, nikasubiri. Nikiri kwamba katika darasa lote, yeye ndiye niliyekuwa nikifundisha kwa ajili yake. Nikitunga swali nyumbani nilijiuliza, hili litamtoa? Mwenzangu alijua hivyo, maana nilimwambia kila kitu.

Mkuu wa shule hakupenda. Alichungulia dirishani siku moja akauliza, "Madam, hii ni shule au posa?" Lakini hakuwa mtu mbaya. Alituita ofisini, akasema wathibiti ubora, wale wakaguzi wa shule, wanakuja mwezi ujao. Wakiridhika na kahawa yetu, tuendelee hata tukiwapa na rubisi, pombe ya ndizi. Wasiporidhika, kopo litarudi Rubafu, na mimi niliyelileta ataniombea uhamisho niende nikajaribu mambo yangu kwingine. Alisema akinitazama mimi, hakumtazama mwenzangu. Ilikuwa haki, wazo lilikuwa langu.

Wiki ya mwisho kabla ya ukaguzi mama akaitwa hospitali Bukoba kufanyiwa upasuaji wa jicho. Mimi ndiye mtoto wake pekee aliye karibu. Nilichanganyikiwa: niende, niwaache watoto wiki kama ile? Mwenzangu akanishika mabega. "Nenda, shoga. Mama ni mmoja. Vipindi vyako nitakushikia." Nikalia, nikambusu, nikapanda basi. Siku zote za wiki ile nilikaa kando ya kitanda cha mama nikimsifu rafiki yangu. Mama, jicho moja limefungwa, akasema, "Muhara wangu, binti yangu, ukipata mtu wa hivyo mshike." Nikamjibu nimeshamshika.

Jumatatu wakaguzi wakaja, wawili, wakakaa nyuma na mafaili yao. Mada yangu ilikuwa mvua na uoto. Nikagawa punje. Kwa haraka yangu nikazimwaga nyingine sakafuni.

Basi hapo nikaona ajabu. Kijana akaweka punje ya kwanza, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka alichokiona kwenye mlima wa kijijini kwao. Mwenzake akaweka ya pili: umejuaje? Akajibiwa. Mwingine akatoa hoja yenye kosa, mwingine akamsahihisha kwa adabu, na yule aliyekosea akashukuru. Nilimsifu mbele ya wote kwa ujasiri wa kukosea hadharani. Na kisha, kule dirishani, yule binti akasimama. Akaja mbele na punje yake ya tatu, akaiweka mezani kwangu kwa uangalifu, akauliza kwa sauti nyembamba: kitabu kinasema miti huleta mvua, mbona mikaratusi iliyopandwa jirani na kwao imekausha kisima chao?

Mkaguzi mmoja aliacha kuandika. Mimi machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi la chaki. Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka tu ile punje juu ya meza, ndogo, nyeusi, na kwamba nilitaka kumpigia mama simu saa ile ile.

Tulipewa sifa ambazo shule ile haijawahi kupewa. Mkuu alitununulia soda. Mwenzangu, ambaye kipindi chake kilifuata na kikaenda vizuri vile vile, alinikumbatia: "Si nilikwambia?" Sikukumbuka aliniambia nini, lakini nikasema ndiyo, uliniambia.

Sasa, swali zuri halimwachi mwalimu alale. Kisima kile kilinikaa kichwani. Nikasema nitakwenda nikakione, nikipige picha, nipime umbali wa mikaratusi, kisha nilipeleke darasa zima. Jumamosi nikapanda bodaboda kwenda kwao yule binti bila kumwambia mtu. Nilijua mwisho wa wiki huwa anakwenda nyumbani, nilitaka nimshangaze. Njia ilishuka na kushuka, migomba ikabaki nyuma, tukatokea ufukweni kwenye mawe matupu. Mama yake alikuwa anaanika dagaa. Alinawa mikono mbio, akanikaribisha ndani, akaniletea akamwani kwenye kikapu kidogo kilichofumwa vizuri. Nikapokea, nikatia kinywani, ndipo nikasema shida yangu: nimekuja kuona kisima.

"Kisima gani, mwalimu?"

"Kile kilichokaushwa na mikaratusi ya jirani."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea njia. "Waitu mwalimu, hapa mikaratusi ingeota wapi? Sisi tunateka ziwani. Tangu nimeolewa hapa tunateka ziwani."

Binti akaingia na ndoo kichwani. Aliponiona maji yalimwagika begani. Nikamuuliza mbele ya mama yake, kisima kiko wapi? Akainamisha kichwa, vile vile alivyokuwa akiinamisha mwaka mzima. Nikamuuliza tena, swali letu lile lile: "Ile habari ya kisima, uliijuaje?"

"Tulipewa karatasi, madam."

Na yakatoka yote. Madam wa Baiolojia aliwakusanya maabara wiki ile niliyokuwa Bukoba, siku nne mfululizo, baada ya vipindi. Kila mmoja alipewa karatasi yenye maneno yake ya kukariri. Walipangiwa nani aanze na nani afuate. Hata kosa lilipangwa: yule kijana niliyemsifu kwa ujasiri wa kukosea alikuwa amekaririshwa kosa lake, na aliyemsahihisha alikaririshwa sahihisho. Na yeye binti aliambiwa, wewe ndiye wa mwisho, madam wako akikusikia wewe atafurahi kuliko wote.

Hapo ndipo lilipochoma. Mtu baki asingejua hilo. Siri ile nilimpa mimi mwenyewe, jikoni kwetu, tukimenya ndizi. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikiusikia msemo huo tangu utotoni nikidhani unahusu wengine.

Sikuuliza kitu kingine. Nikasimama, nikaaga vibaya. Kutema kahawa mbele ya mwenyeji ni tusi kubwa, basi niliishikilia shavuni mpaka nikafika barabarani, nikaitema huko, na yule wa bodaboda akaniuliza kama naumwa.

Mwenzangu nilimkuta anafua. Sikumsalimu. "Umewakaririsha watoto wangu."

Hakukana. Angekana labda ningemsamehe mapema zaidi. Akafuta povu mikononi taratibu, akasema, "Kaa, shoga, nikueleze."

"Usiniite shoga."

"Haya, mwalimu. Siku ya kwanza niliingia darasani kwako na kopo lako. Nikawauliza kwa Kiingereza, kama watakavyoulizwa. Walinyamaza wote. Wote! Wewe mwaka mzima unawasikiliza kwa Kihaya na unafurahi. Mkaguzi hasikilizi Kihaya. Ungeaibika, ungehamishwa, na kopo lako lingetupwa. Mimi nimekuokolea kopo."

"Umeokoa kopo, umemwaga kilichomo."

"Kilichomo kitarudi. Wewe ukihamishwa kisingerudi."

Alikuwa na hoja, na leo naweza kuikubali nusu yake. Siku ile hata robo sikuitaka. Kama alikuwa na hofu, si angenipigia simu? Nilikuwa Bukoba, si mbinguni. Lakini aliniacha nikae kando ya kitanda cha mama nikimsifu, nikarudi, nikasimama mbele ya wakaguzi nikilia kwa ajili ya karatasi yake. Nilifoka. Nilimtaja yeye, nikawataja na mababu zake waliokuja wakiwabebea watu mizigo, neno ambalo mtu hasemi akiwa na akili zake. Aliinua beseni lake akaingia ndani. Mwisho wa mwezi alihamia nyumba nyingine, na jiko akaniachia.

Jumatatu niliingia Kidato cha Pili B mikono mitupu. Kopo nilikuwa nimelifungia kabatini. Nikawaambia, "Karatasi zenu nimezijua. Wote mlijua, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kuniambia. Basi kama mnapenda kukariri, tukariri. Fungueni madaftari." Nikaanza kuwasomea nukuu. Nilisoma kwa Kiingereza, polepole, nukta na mkato vyote nikivitaja, kipindi hiki na kijacho na kile kingine. Waliandika. Mtu akiinua mkono nilimpita kwa macho. Nilijua ninachofanya, na kulikuwa na utamu ndani yake, ule utamu wa kugusa kidonda. Nikijiuliza ninamwadhibu nani nilijijibu kwamba siadhibu mtu, nafundisha kama wanavyofundisha wengine.

Kabla muhula haujaisha kukawa na semina ya walimu pale Muleba mjini. Mwezeshaji alikuwa mwenzangu. Wale wakaguzi walikuwa wamemtaja. Nilikaa safu ya tatu, walimu kutoka kata nyingi wamejaa, mabasi ya Biharamulo yakipiga honi nje, na kikapu cha kahawa kikapitishwa safu kwa safu. Kila mmoja achukue punje tatu. Nikachukua.

Alieleza vizuri. Alieleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi, na hilo nalo liliniuma. Akasema wazo la kahawa alilipata "kwa mwalimu mwenzangu mmoja." Mmoja! Tumekula jiko moja, tumemeza tunda moja, nimekuwa mmoja. Kisha akatoa mfano: binti aliyekuwa hasemi kabisa, ambaye kwa njia hii siku moja alisimama akauliza kuhusu mikaratusi na kisima cha kwao. Ukumbi mzima ukasema "aah", ile "aah" ya watu walioguswa.

Nilikuwa na punje tatu kiganjani na swali moja la neno moja: umejuaje? Ningesimama tu, ningeweka punje moja mezani kwake, na kila kitu kingeporomoka. Alinitazama, akajua ninachofikiri. Alinisubiri, nadhani. Nikazitia zote tatu mdomoni nikazitafuna. Sijui kama nilimhurumia au niliona aibu ya matusi yangu, au niliogopa kwamba kopo langu nalo lingeanguka pamoja naye. Mpaka leo nikijiuliza napata jibu jipya kila mara.

Wiki ya mwisho ya muhula nilikuwa nawasomea Kidato cha Pili B nukuu za mmomonyoko wa udongo. Yule binti akasimama. Hakuinua mkono, alisimama tu, akaja mbele na kitu kilichofungwa kwenye kipande cha jani kavu la mgomba. Akakifungua juu ya meza yangu. Punje moja ya kahawa.

"Madam, hii nimeitoa nyumbani," akasema kwa Kiswahili. "Zako umezifungia. Hii ni ya tatu."

Darasa liliacha kuandika. Mimi nilibaki nimeshika kitabu.

"Ulituambia kabla ya kukubali jambo tuulize mtu amejuaje, na kwa nini. Ulipojua habari ya karatasi, sisi mbona hukutuuliza?"

"Niwaulize nini?"

"Kwa nini tulikubali." Akaficha mikono yake nyuma. "Madam wa Baiolojia alisema tukinyamaza siku ile, wewe utahamishwa. Hatukutaka uhamishwe. Mimi nilikuwa naogopa sana, madam. Nilisema ili usiondoke."

Hakuna aliyempa karatasi siku ile. Hilo lilikuwa swali lake mwenyewe, la kwanza, lile nililolisubiri mwaka mzima nikitunga vipindi kwa ajili yake. Lilikuwa la kweli na zuri kuliko la mikaratusi, na lilinielekea mimi. Hasira zangu, zile za karibu, zikafika kabla ya mimi mwenyewe.

"Kaa chini," nikamwambia. "Andika."

Akarudi dirishani. Nikasoma sentensi iliyofuata, nikairudia mara mbili kama kawaida, na wote wakaandika. Kengele ilipolia walitoka bila kelele. Punje ilibaki mezani juu ya jani lake.

Muhula uliofuata nilifungua kabati. Niliwaomba radhi darasa zima, kwa Kihaya, ili nisijifiche nyuma ya lugha. Walinisamehe upesi, watoto ndivyo walivyo, na kufikia Kidato cha Nne walikuwa wabishi wa kuogofya, kwa lugha zote tatu. Kila kipindi niligawa punje tatu tatu. Kila kipindi nilifika dirishani, na binti alizipokea kwa mikono miwili kama walivyomlea kwao, akasema, "Asante, madam," akazipanga mstari juu ya dawati. Kengele ikilia alinirudishia zote tatu. Hakuweka tena hata moja mezani mpaka alipomaliza shule.